Ufunguo Mfukoni mwa Mfanyakazi

Wale miongoni mwenu waliokulia katika miji ya migodi wanakijua kibati. Ni kipande kidogo cha chuma chenye namba. Mchimbaji afikapo kazini huenda kwenye chumba cha taa, hutoa kibati chake, hupokea taa, kisha hushuka chini. Kibati hubaki kikining'inia msumarini. Apandapo juu hurudisha taa na kutwaa kibati chake. Basi mlinzi akiona saa ya kutoka imepita na kibati kimoja kingali msumarini, hujua mara moja kwamba yuko mtu chini ambaye hajarudi.

Kibati ni kitu kizuri. Wake wengi wamelala usingizi kwa sababu yake, maana walijua kwamba mume hatasahauliwa shimoni kama jembe lililotupwa shambani. Hata hivyo kibati kina upungufu mmoja: chasema, lakini hakizuii. Hakiwezi kumshika mkono yule anayetaka kuwasha baruti. Mlinzi akisinzia, au msimamizi asipotazama ukutani, kibati hukaa kimya pale msumarini, na hatari hupita mbele yake.

Leo twataka kuwasimulia habari za watu wafanyao kazi karibu na mashini ambazo ni katika zile za ajabu kabisa alizozitengeneza mwanadamu. Huko pia yatakiwa kujua nani yumo ndani na nani ametoka. Lakini mfanyakazi wa huko haachi kibati ukutani tu. Huingia na ufunguo mfukoni. Na maadamu ufunguo ule uko mfukoni mwake, mashini haiwezi kuwaka, hata akiamuru mkubwa wa wakubwa.

Mashini za kukimbiza chembe

Kila kitu tunachokiona, jiwe, maji, mwili wa mtu, kimeundwa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Wataalamu wamepata njia ya kuzitenga baadhi ya chembe hizo, kama elektroni na protoni, na kuzisukuma kwa nguvu ya umeme mpaka zikimbie karibu sawa na mwanga wenyewe. Mashini ifanyayo hivyo yaitwa kiharakishi.

Mwaka 1931, huko Berkeley katika Marekani, Ernest Lawrence na mwanafunzi wake walifaulu kukimbiza chembe katika kiharakishi cha duara ambacho chumba chake hakikupita sentimeta 12 kwa upana; ungeweza kukishika kiganjani. Tokea hapo vimekua kama mbuyu. Mwaka 1954 mataifa 12 ya Ulaya, Ubelgiji ikiwa mojawapo, yaliungana kuunda kituo cha CERN karibu na mji wa Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Huko limechimbwa handaki la duara lenye urefu wa kilometa 27, kama meta 100 chini ya ardhi, na ndani yake mashini kubwa kupita zote ilizungusha chembe kwa mara ya kwanza mwaka 2008. Mkondo mmoja wa protoni katika mashini hiyo, ukijaa, hubeba nguvu ya kuyeyusha karibu kilo 500 za shaba. Wasomaji wetu wa Katanga, mnaojua tanuru la shaba na joto lake, pimeni wenyewe. Na tena, chembe zote za mkondo huo zikikusanywa pamoja hazifikii uzito wa punje moja ya mchanga.

Lakini tusidhani kwamba viharakishi vyote ni vikubwa hivyo. Ulimwenguni vyakadiriwa kuwa zaidi ya 30,000, na vingi vyatosha katika chumba kimoja. Viko hospitalini, vyatibu ugonjwa wa saratani. Viko viwandani, vyaua vijidudu katika sindano na bendeji. Kwa hiyo neno hili lawahusu wataalamu wa Geneva, na lamhusu pia fundi wa kawaida, muuguzi, mfagizi wa chumba, na kila mtu mwenye sababu ya kuvuka mlango ule.

Hatari isiyo na harufu

Chembe ziendazo mbio zikigonga chuma au kitu chochote, hutoka miali yenye nguvu. Moto hujulisha kwa joto, nyoka hujulisha kwa mtambao, hata umeme humtikisa mtu akauruka. Miali hii haina harufu, haina sauti, wala haichomi papo hapo. Mtu aweza kusimama ndani yake, akamaliza kazi yake, akaenda nyumbani kula chakula na watoto wake, na ugonjwa ukaja siku za baadaye.

Wataalamu hupima madhara ya miali kwa kipimo kiitwacho sieverti, na sehemu yake moja ya elfu ni milisieverti. Sote hupokea miali kidogo kutoka ardhini na angani. Kwa wastani mtu duniani hupata kama milisieverti 2.4 kwa mwaka, wala haimsumbui. Kwa mfanyakazi wa kazi hizi, kanuni za kimataifa zaruhusu wastani wa milisieverti 20 kwa mwaka. Lakini mwili mzima ukipata milisieverti 4,000 au 5,000 kwa mara moja, nusu ya watu wapatao kiasi hicho hufa wasipotibiwa. Katika njia ya chembe ziendazo mbio, kiasi hicho chaweza kupatikana kabla mtu hajamaliza kutamka jina lake.

Liko jambo moja la kutia moyo. Kiharakishi ni kama taa: ukikizima, mkondo wa chembe hukoma pale pale. Ni kweli kwamba vyuma vilivyopigwa sana hubaki na miali yao wenyewe kwa muda, na kwa sababu hiyo fundi huingia na chombo cha kupimia, na pengine hungoja saa au siku kadhaa. Lakini hatari ile kuu, iuayo kwa dakika, ipo tu wakati mashini inawaka. Basi, wasomaji, mambo yote ya ulinzi hurudi kwenye swali moja fupi, ambalo lazima lijibiwe kila mara kabla ya kuwasha: je, yuko mtu ndani?

Masomo yaliyolipiwa kwa mwili

Watu hawakuijua hatari hiyo tangu mwanzo. Miali ya eksirei iligunduliwa mwaka 1895, na wengi wakaichezea kama kioo kipya. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, alikuwa akiweka mikono yake mbele ya miali ili kuona kama chombo chafanya kazi vema. Mikono ikaoza, ikakatwa, na mwaka 1904 akafa, angali kijana wa miaka 39.

Vilipokuja viharakishi, somo likarudiwa kwa namna nyingine. Mwaka 1949 iliandikwa habari za wataalamu wa Marekani waliokuwa wamefanya kazi karibu na viharakishi vya duara, nao wakapata mtoto wa jicho, ugonjwa tuliouzoea kuuona kwa wazee. Hawa walikuwa wangali na nguvu zao. Walikuwa watu wenye elimu kubwa, wakiijua miali kuliko mtu yeyote. Na elimu yao haikuyakinga macho yao.

Ndipo ikaeleweka kwamba kumwambia mtu “Jihadhari!” hakutoshi. Mtu husahau. Mtu huchoka. Mtu hudhani mwenzake amekwisha toka. Yafaa pawe na kitu kisichosahau wala kuchoka, kisimame kati ya mtu na mashini. Kitu hicho ndicho tutakachokiita hapa vizuizi vinavyofungamana: mambo mawili au zaidi yameunganishwa hata moja haliwezi kutendeka mpaka lingine limetimia. Mlango ukiwa wazi, mashini haiwaki. Mashini ikiwa inawaka, mlango haufunguki kwa nje. Na akiuvunja mtu, mashini huzimika kabla hajavuka kizingiti.

Jinsi ulinzi unavyopangwa

Kwanza ni ukuta. Kiharakishi hufungiwa nyuma ya zege nene au chini ya udongo mwingi, na njia ya kuingilia huwa na kona moja au mbili, maana miali hupenda kwenda moja kwa moja, nayo hupungua nguvu kila igeukapo kona.

Pili ni upekuzi. Kabla ya kuwasha, wafanyakazi waliofundishwa hupita ndani yote, nyuma ya kila sanduku na chini ya kila ngazi, wakiita na kutazama. Katika vituo vingi viko vitufe vilivyowekwa mbali mbali ukutani, nao hawana budi kuvibonyeza kwa mpango uliowekwa na kwa muda uliowekwa. Mwenye uvivu hawezi kusimama mlangoni na kusema “Nimetazama”. Vitufe vyenyewe vyashuhudia kama amefika mwisho wa handaki au hakufika. Akikiruka kimoja, upekuzi haukubaliwi, na mashini hubaki imezimwa.

Tatu ni onyo. Upekuzi ukiisha na milango ikafungwa, ving'ora hulia na taa humulika kwa muda wa kutosha, ili kama yuko aliyesalia ndani apate kutoka au kufika kwenye kitufe kikubwa chekundu cha kuzimia. Vitufe hivyo viko kila mahali ndani, na mtu yeyote ana haki ya kuvibonyeza, hata aliyeajiriwa jana. Tena milango yote hufunguka kwa ndani. Hakuna awezaye kufungiwa kama panya mtegoni.

Nne, kila njia ya kuzima ina mwenzake. Wataalamu hawategemei swichi moja. Umeme wa kusukuma chembe hukatwa. Na pamoja na huo, pande la chuma huangushwa mbele ya mkondo, au sumaku iongozayo chembe hunyimwa nguvu. Moja ikishindwa, ya pili yatosha. Habari nazo hupita katika njia mbili zisizofanana. Katika mashini kubwa ya CERN, kompyuta maalumu za usalama hulinda milango, na kando yake ziko waya na swichi za umeme zisizohitaji kompyuta yoyote, nazo zafanya ulinzi ule ule kwa njia yao.

Tano, nalo ni jambo la busara sana: kila kitu kimepangwa hata kikiharibika, kiharibike upande wa uhai. Waya ukikatika, taa ya onyo ikiungua, umeme ukipotea, mashini huzimika yenyewe. Mfano wake ni breki ya magari ya moshi: hewa ikivuja bombani, breki hukaza, na treni husimama. Hasara ni kuchelewa, wala si kuzika.

Safari ya fundi mmoja

Hebu tumfuate fundi mmoja wa CERN anayetaka kushuka handakini kubadili pampu. Kazi yake imekwisha andikwa na kuidhinishwa tangu mapema. Mashini imesimama. Kifuani amevaa chombo kidogo kipimacho miali atakayopokea. Afika kwenye kabati la funguo, aonyesha kadi yake, na mwendeshaji aliye mbali, katika chumba cha kuongozea, amwachia ufunguo mmoja. Fundi auchomoa.

Tangu dakika ile, mahali pa ufunguo pameachwa wazi, na kila mashini inayohusika imefungwa. Mwendeshaji hata akitaka kuwasha, mashini haimsikii.

Kisha fundi aingia katika kijumba chembamba chenye milango miwili. Wa kwanza wafungwa nyuma yake. Kijumba chahakikisha kwamba amesimama mtu mmoja tu, maana wawili hawaruhusiwi kupita kwa ufunguo mmoja. Kamera yatazama kiini cha jicho lake, ambacho hakifanani na cha mtu mwingine duniani, ili ijulikane kwamba mwenye kadi ndiye mwenye kuingia. Ndipo mlango wa pili wafunguka. Vyombo vyake vikubwa havipiti humo. Vina mlango wao.

Amalizapo kazi, atoka kwa njia ile ile na kuurudisha ufunguo mahali pake. Kama kila aliyeingia alikuwa na ufunguo, na kila ufunguo umerudi, yajulikana pasipo shaka kwamba ndani hamna mtu, wala hapana haja ya kulipekua upya handaki lote. Lakini mtu mmoja akisukuma mlango kwa nguvu, au akipita pasipo utaratibu, upekuzi wa sehemu ile wabatilika mara moja. Hapana budi watu waanze tena kutembea, mkono kwa mkono na taa, meta kwa meta. Saa nyingi hupotea kwa kosa la mtu mmoja mwenye haraka.

Pengine mtu atauliza: “Je, ufunguo ukisahauliwa mfukoni, fundi akaenda nao nyumbani?” Basi mashini kubwa itangoja, na wataalamu wote pamoja nayo, mpaka ufunguo urudi au mpaka handaki lipekuliwe upya. Ndivyo ilivyokusudiwa. Ni afadhali kazi ya watu mia isimame kuliko mtu mmoja kusahauliwa.

Palipoharibika

Haya yote yaweza kuonekana kuwa masumbufu ya bure. Tusikilize basi yaliyotokea mahali ambapo vizuizi vilishindwa, au vilidharauliwa, au havikuwapo.

Tarehe 13 Julai 1978, katika mji wa Protvino, Urusi, mtaalamu aitwaye Anatoli Bugorski aliinama kutazama chombo kilichoharibika kwenye kiharakishi kikubwa cha huko. Vizuizi vya usalama havikufanya kazi siku ile, na mkondo wa protoni ukapita katika kichwa chake. Aliona mwanga mkali kupita kiasi, wala hakusikia maumivu. Uso wake ukavimba upande wa kushoto, ngozi ikabambuka, na waganga wakangoja afe. Hakufa. Lakini alipoteza kusikia kwa sikio moja, upande wa uso ukapooza, na baadaye akapatwa na kifafa. Juu ya hayo yote alimaliza masomo yake ya udaktari na kuendelea na kazi ya elimu.

Mwezi wa Februari 1989, katika mji wa San Salvador, Amerika ya Kati, palikuwa na mtambo wa kusafisha vifaa vya hospitali. Haukuwa kiharakishi, ulitumia madini ya kobalti yatoayo miali siku zote. Lakini mlango wake ulilindwa kwa vizuizi vya namna moja. Nchi ilikuwa katika vita, watengenezaji walikuwa mbali, na matengenezo yalikuwa yamekoma. Kile chombo cha ndani cha kupimia miali kilikuwa kimeondolewa miaka mingi kabla. Ili mlango ufunguke, wafanyakazi walizoea kuudanganya mtambo kwa kubonyeza vitufe vyake upesi upesi. Usiku mmoja madini yakakwama juu. Mfanyakazi aliingia, akashindwa, akawaita wenzake wawili, nao watatu wakayasukuma kwa mikono. Wote waliugua vibaya. Kati yao kuna waliokatwa miguu, na mmoja alikufa mwaka ule ule.

Mwaka 1991, huko Forbach katika Ufaransa, wafanyakazi watatu waliingia penye kiharakishi cha kiwanda. Mkondo ulikuwa “umezimwa”, lakini nguvu kubwa ya umeme ilikuwa imeachwa ikiwaka ili kuokoa muda wa kuanzisha upya. Mkondo mdogo uliosalia, ambao hakuna aliyeufikiri, uliwaunguza. Na mwezi wa Novemba 1992, huko Hanoi katika Vietnam, mtafiti mmoja aliingia katika chumba cha kiharakishi kutengeneza jambo dogo. Waliokuwa wakiendesha mashini hawakujua kwamba yumo. Mikono yake ilikaa katika njia ya miali, na mmoja ukakatwa.

Tazameni jinsi mambo haya yanavyofanana. Hakuna mahali ambapo mtu alitaka mabaya. Palikuwa na haraka, mazoea, chombo kibovu ambacho kesho kingetengenezwa, na mtu aliyedhaniwa kuwa nje.

Fyuzi iliyookoa watu kimya kimya

Liko fundisho moja zaidi, na latoka hospitalini. Kati ya mwaka 1985 na 1987, katika Marekani na Kanada, wagonjwa sita waliotibiwa kwa kiharakishi kilichoitwa Therac-25 walipigwa na miali mingi kupita kiasi, na baadhi yao wakafa kwa ajili hiyo. Ilipochunguzwa, ilionekana kwamba watengenezaji waliviondoa vizuizi vya chuma na umeme vilivyokuwamo katika mashini za zamani, wakaikabidhi kompyuta kazi yote ya ulinzi. Kompyuta ilikuwa na kosa katika maagizo yake.

Ajabu ni hii: kosa la namna hiyo lilikuwamo pia katika mashini iliyotangulia, Therac-20. Kwa nini haikuumiza mtu? Kwa sababu kila kosa lilipotokea, vizuizi vya zamani vilikata umeme, na fyuzi ikaungua. Watumiaji walinung'unika, wakabadili fyuzi, wakaendelea. Hawakujua kwamba fyuzi ile iliyowaudhi ndiyo iliyosimama mlangoni kumlinda mgonjwa.

Hapo, wasomaji wapenzi, ndipo penye mzizi wa jambo lote. Kizuizi kifanyacho kazi yake vema hakionekani. Ajali iliyozuiwa haina kaburi, wala haina habari katika gazeti. Kinachoonekana ni usumbufu tu: king'ora kilichopiga bure, mlango uliokataa kufunguka, saa mbili za kungoja. Hivyo ndivyo jaribu linavyoingia. Mtu hufunga waya kwenye swichi ya mlango ili mashini idhani umefungwa. Mara ya kwanza hakuna lililotokea. Mara ya kumi hakuna lililotokea. Desturi mpya imezaliwa, na anayefundishwa kazi mwaka ujao atafundishwa na ule waya.

Kwa sababu hiyo vituo vyenye busara vimeweka sheria kali. Vizuizi hupimwa kwa wakati maalumu, kimoja kimoja, hata kama havijaleta shida. Hakuna awezaye kukifungua kizuizi peke yake. Lazima iandikwe, itiwe sahihi na wenye madaraka, na kirudishwe mbele ya shahidi. Tena mtu aliyebonyeza kitufe chekundu kwa hofu tu, ikaonekana hapakuwa na hatari, haadhibiwi wala hachekwi. Akichekwa leo, kesho mwingine ataona haya kubonyeza.

Nasi tuna sehemu yetu

Msidhani kwamba habari hizi ni za Ulaya tu. Mjini Kigali viharakishi vya kutibu saratani vilianza kazi mwaka 2019. Viko Kampala, viko Dar es Salaam katika hospitali ya Ocean Road. Familia nyingi za nchi zetu zitampeleka mama au babu huko, nazo zitauona mlango mzito na taa nyekundu juu yake.

Mkifika, mtaona kwamba mgonjwa huachwa peke yake chumbani, na pengine mtasikitika: “Kwa nini wauguzi wanamkimbia?” Hawamkimbii. Muuguzi wa mwisho kutoka hutazama chumba chote, hubonyeza kitufe cha ndani, na kabla muda mfupi haujapita hana budi kuwa nje na mlango umefungwa. La sivyo mashini haitawaka. Humtazama mgonjwa kwa kamera na kusema naye kwa kipaza sauti. Mlango ukifunguliwa katikati ya matibabu, miali hukatika. Mgonjwa hupokea miali kwa siku au majuma kadhaa tu, iliyopimwa kwa ajili yake na kuelekezwa penye uvimbe. Muuguzi angesimama humo mwaka hata mwaka. Basi akiwaambia “Ngojeni nje”, ngojeni nje. Msimruhusu mtoto kuchezea mlango, wala msimharakishe muuguzi anayerudi kutazama mara ya pili.

Na nyinyi vijana mnaosomea ufundi wa umeme au wa mashini, siku moja mtakabidhiwa mlango wa namna hii, au kinu cha mahindi chenye kifuniko, au mkanda wa kiwandani wenye swichi ya kuzimia. Siku hiyo atakuja mtu, pengine mkubwa wenu, mwenye haraka, naye atawaambia: “Kifunge tu kwa waya, tutakitengeneza kesho.” Wakumbukeni watu watatu wa San Salvador. Wao pia walikuwa wakingoja matengenezo ya kesho.

Jioni, katika mji wa migodi, mama husikia hatua za mumewe uani, naye huendelea kupakua ugali pasipo kusema neno. Hajui ni nani aliyetazama kibati leo. Huko Geneva pia yuko mke wa fundi anayesikia mlango ukifunguliwa, asijue kwamba mchana kutwa mashini ya kilometa 27 ilisimama kimya ikingoja ufunguo mmoja uliokuwa katika mfuko wa suruali ya mumewe. Wala si lazima ajue. Yatosha kwamba amerudi.